Maji kwanza, stima baadaye

Jumapili usiku. Kaskazi, joto halijapungua.

Mashine ya espreso ikifa hapa Mombasa, mara nyingi haikuuliwa na kahawa. Imekufa wakati wa kuwashwa au kuzimwa: hita imewaka bila maji, boila, chombo cha ndani cha kuchemshia maji, imejaa ukoko, au stima imerudi usiku wa manane ikaikuta swichi haikuzimwa. Zile sekunde 25 hadi 30 za kukamua kahawa, ambazo watu huzijadili mpaka kukapambazuka, haziumizi chuma. Gramu 18 za kahawa iliyosagwa, gramu 36 kikombeni, basi. Ukikosea hapo umekunywa kikombe kibaya. Ukikosea kwenye kuwasha, unatafuta fundi, na mafundi wa mashine hizi si wengi.

Kabla ya swichi kuna maji, na hapo ndipo Mombasa inapokuwa ngumu. Kisiwa ni jiwe la matumbawe. Maji ya visima vyake hupita kwenye chokaa na kukutana na chumvi ya bahari, kwa hiyo yana maudhi mawili kwa mpigo. Chokaa hujenga ukoko mweupe juu ya hita, nao unaondoka kwa asidi ya sitriki. Chumvi ni mbaya zaidi, kwani hula boila ya chuma cha pua kwa vitobo vidogo, na hakuna dawa ya kurudisha chuma kilicholiwa. Maji ya mfereji yanayoletwa kutoka mbali na kisiwa, yawe ya chemchemi za Mzima au ya Baricho, ni afadhali, lakini huja kwa zamu, na tangi la juu ya nyumba hupokea kila kinachopatikana: leo mfereji, kesho boza, keshokutwa madumu ya mkokoteni. Anayekuambia maji ya nyumba yake ni mazuri, mwambie akuonyeshe ndani ya birika lake la umeme. Ukoko ulioko chini ya birika ndio ulioko ndani ya boila, tofauti ni kwamba wa boila huuoni.

Jagi la kuchujia hupunguza chokaa, chumvi haliigusi. Maji ya kujaziwa dukani, yale yaliyopitishwa kwenye mitambo ya kuondoa chumvi, ni salama kwa chuma, ila huweza kuzidi usafi. Boila nyingi za mvuke zina kijiti cha kupima kina kinachotegemea maji yapitishe umeme kidogo. Yasipopitisha, mashine hudhani boila ni tupu na kuendelea kupiga pampu hadi maji yatokee kusikostahili. Gramu 1 ya potasiamu bikaboneti katika lita 10 za maji hayo inatosha. Kijiti kitaona, na kahawa itapata ladha badala ya kuwa kali na tupu.

Sasa kuwasha. Jaza tanki la mashine, hakikisha mpira wa kufyonzea umezama, ndipo uchomeke plagi. Kama mashine ni mpya au imelala wiki kadhaa, fungua bomba la maji moto na uendeshe pampu mpaka maji yatoke mfululizo, bila kukohoa. Hita iliyozungukwa na hewa haina pa kupeleka joto lake, nayo huungua haraka kuliko unavyofikiri. Mashine nyingine huanza kuchemka mara tu swichi inapobonyezwa, kwa hiyo usiiwashe kisha ukaenda kutafuta vikombe.

Taa ya "tayari" msiiamini sana. Inapima boila, haipimi kichwa, kile kipande cha shaba ambamo maji hupita yakiifikia kahawa. Boila ndogo hufika joto lake kwa dakika tano, kichwa kikabaki vuguvugu, na kikombe cha kwanza kikatoka kichachu. Ipe mashine dakika 15 hadi 20. Mashine zenye kichwa cha E61, muundo wa Faema ya Italia wa mwaka 1961, zina karibu kilo 4 za chuma pale mbele na zinataka dakika 30 hadi 40. Ni mantiki ya dele la muuza kahawa tungu: shaba ikishashika moto, kikombe cha kwanza na kile cha kumi ni joto moja. Zile ndogo zinazochemsha maji yakipita hazina shida hii, dakika chache zinatosha. Potafilta, yaani ule mkono wenye kikapu, uwe umefungwa mahali pake muda wote huo, la sivyo chuma chake baridi kitanyang'anya maji joto lake.

Kuna udanganyifu mmoja wa geji. Boila ya mvuke ikipashwa huku hewa imenaswa ndani, sindano husoma baa 1 mapema kabla mvuke haujawa mvuke. Mashine zenye valvu ya kutoa hewa hujimalizia zenyewe. Nyingine, acha bomba la mvuke wazi kidogo hadi lianze kupuliza mvuke wa kweli, kisha funga. Na kabla ya kikombe cha kwanza, mwaga maji sekunde tano, maana yaliyolala usiku kucha yana ladha ya chuma. Mwezi wa Ramadhani hesabu hugeuka tu: mwenye E61 anaiwasha wakati watu wanaenda Tarawehe, wakirudi iko tayari.

Kuzima ndiko kunakopuuzwa, kwa kuwa wakati huo mtu ameshakunywa na ana usingizi au haraka. Anza na bomba la mvuke. Lifute kwa kitambaa kibichi mara tu baada ya maziwa, upulize mvuke sekunde mbili tatu. Boila ikipoa hufanya mvuto ndani yake, na tone lolote la maziwa kwenye ncha hufyonzwa juu. Kwa joto letu, asubuhi utaisikia harufu kabla hujaiona. Tundu likiziba, sindano ya kushonea inatosha.

Mwenye boila moja ya kahawa na mvuke ana hatua asiyopaswa kuiruka. Ukishamaliza kupasha maziwa, boila imepoteza maji na ina joto la kupita nyuzi 120. Zima swichi ya mvuke, endesha pampu mpaka maji yatoke bila kufoka. Umejaza boila na umeipoza, vyote kwa mkupuo. Anayezima bila kufanya hivyo anaiachia kesho boila nusu tupu.

Kisha toa machicha, piga kichwa maji, sugua wavu wake kwa brashi. Kama mashine ina valvu ya njia tatu, ile inayofoka kwenye trei pampu inaposimama, weka kikapu kisicho na matundu, endesha pampu sekunde kumi, simamisha, rudia mara tano. Kila siku kwa maji matupu, kila wiki kwa nusu kijiko cha chai cha sabuni ya unga ya mashine za kahawa, halafu suuza hadi povu liishe. Valvu hiyo inapoachia shinikizo huvuta mafuta ya kahawa nyuma, na mafuta hayo yakiganda ndiyo uchungu usioelezeka. Mashine isiyo na valvu hii usiifanyie hivyo kabisa. Wenye E61 nao wasizidishe sabuni, inaosha grisi ya wenzo wa kichwa, ule unaoinuliwa kuanza kukamua, nao unaanza kulia.

Potafilta usiiache imefungwa usiku. Mpira wa kichwa ukibanwa saa zote huku chuma ni moto hukauka, ukavuja pembeni. Mwaga trei pia: trei yenye maji matamu ya maziwa ni mwaliko kwa mende, nao hupenda kulala penye ujoto, yaani ndani ya mashine, kwenye nyaya.

Mwisho, zima kisha chomoa. Swichi ya kubonyeza haijui kwamba stima ilipotea. Ikirudi saa tisa usiku itachemsha tu. Kidude cha kulinda friji kinasaidia kwa kuchelewesha umeme, lakini soma ampea zake. Mashine ya wati 1450 kwa volti 240 hula ampea 6, na kuna vidude vya ampea 5.

Ukisafiri bara wiki mbili, mwaga tanki na uliache wazi likauke. Vitabu vya mashine huonya boila isigande kwa baridi. Ukurasa huo tuuruke. Ukirudi, pampu ikinguruma bila kutoa maji, imeshika hewa: fungua maji moto, sukuma maji kwa bomba la sindano kwenye tundu la chini ya tanki, jaribu tena kwa sekunde kumi kumi, ukiipumzisha katikati. Mlio ukibadilika kuwa mzito, maji yamefika.