Klabu inayofuata mwezi

Ratiba ya klabu yetu ya ufundi inapangwa na mwezi, na mwalimu wa taaluma ameshachoka kunigombeza. Mwezi ukipevuka, wavuvi wa dagaa huvuta mitumbwi nchi kavu. Dagaa huifuata taa palipo na giza; usiku ukiwa mweupe, taa haina kazi. Siku hizo ndizo za kushona nyavu, kulala, na kutuletea taa zilizokufa. Giza likirudi wanazitaka, na mvuvi anayengoja taa yake hana subira ya mtihani wa katikati ya muhula.

Nafundisha fizikia kwenye shule ya kata, upande wa Ilemela, Mwanza. Ukisimama mlangoni kwa maabara unaliona ziwa. Karakana yenyewe ilikuwa stoo ya madawati mabovu, na bado madawati sita yamo, tumeyafanya meza.

Yote yalianza na sanduku. Wageni walituletea vibao vya Arduino kumi na viwili, yaani vikompyuta vidogo vya kujifunzia elektroniki, printa ya 3D inayochapa vitu kwa plastiki, roli nne za plastiki hiyo na fulana. Picha zikapigwa, soda zikanywewa, wakaondoka. Hawakuacha hata bisibisi. Sisemi kwa ubaya, vibao ni vizuri kweli. Arduino ilizaliwa mwaka 2005 katika mji wa Ivrea, Italia, kwa ajili ya wanafunzi wa ubunifu ambao hawakuwa wahandisi, ndiyo maana hata mtoto wa Kidato cha Pili anawasha kitaa ndani ya kipindi kimoja. Kinawaka, kinazima, kinawaka. Wanapiga makofi. Kipindi cha pili wanapiga makofi kidogo. Cha tatu mmoja akaniuliza, “Madam, sasa hiki kinasaidia nini?” Nikakosa jibu.

Ili nijibu, nikataka kuonesha kibao kikiendeshwa na betri ya pikipiki badala ya kompyuta. Betri ya volti 12 ina tundu lake kwenye kibao, lililounganishwa na kipunguza volti. Mimi, mbele ya wanafunzi thelathini na moja, nikaichomeka kwenye pini ya volti 5. Moshi mwembamba, harufu kama ya ukucha ulioungua, kimya. Kisha nyuma kabisa sauti: “Imepiga shoti.” Walicheka mpaka kengele ikalia. Kibao hicho nimekipigilia ukutani kwa msumari, juu ya swichi.

Taa ya kwanza ililetwa na baba wa mwanafunzi. Alisimama nje, kofia mkononi, akasema, “Mwalimu, nasikia mna vifaa. Hii inafifia, na betri ni mpya.” Ilikuwa taa ya LED ya kuelea, betri yake inabaki mtumbwini, katikati waya wa mita kama saba uliounganishwa mara mbili kwa kusokotwa na kufungwa nailoni. Zamani walitumia karabai. Siku hizi hizi LED ndizo zimeenea, nazo huuawa na maji.

Binti mmoja wa Kidato cha Tatu akachukua mita ya kupimia umeme, ile ya bei ya chini kuliko zote dukani, ambayo niliinunua mwenyewe. Akapima kwenye betri: volti 12.4. Akaichomoa taa, akapima mwisho wa waya: 12.4. “Waya mzima,” akatangaza. Tukabadilisha LED mbili. Ikafifia vilevile. Tukashinda siku mbili tukiilaumu taa.

Jumamosi nikawapeleka watano Makoroboi. Wasioijua Mwanza: ni pale mjini ambako mafundi hufua mabati na makopo, na jina lenyewe latokana na koroboi, vile vibatari vya mafuta ya taa. Yupo mzee wa redio ninayemwamini kuliko kitabu. Binti akamwamkia, akaeleza vipimo vyake kwa kujiamini. Mzee hakuinua macho kutoka kwenye kazi yake.

“Mjukuu wangu, ulipima taa ikiwa inawaka?”

“Hapana babu, niliichomoa kwanza.”

“Basi ulipima waya umelala. Kapime ukiwa unabeba moto.”

Tukarudi, tukawasha, akapima tena huku taa imeunganishwa. Kwenye betri 12.1. Mwisho wa waya 8.7. Akaitazama mita, akaitikisa, akapima tena. Halafu akaanza kusogea na ncha za mita kutoka kiungo hadi kiungo bila kuambiwa na mtu. Kiungo cha kwanza kilikuwa kizima. Cha pili akakifungua nailoni kwa meno (nilipiga kelele, nimechelewa), na ndani shaba imekuwa kijani, inamomonyoka kama magadi.

Nimefundisha kanuni ya Ohm kwa miaka tisa. Ubaoni nimeandika mara zisizo na idadi kwamba volti hupotea kwenye ukinzani pale tu mkondo unapopita. Hakuna hata mmoja, na pengine hata mimi, aliyekuwa amewahi kuiona ikitokea. Volti tatu na ushee zilikuwa zinaishia kwenye kiungo cha urefu wa kidole, na kiungo kilikuwa cha moto ukikigusa. Wote walipanga foleni kukigusa. Tukakata, tukalehemu kwa risasi, tukafunga mpira wa tyubu ya baiskeli. Baba yule akaleta dagaa sado nzima, na siku nne baadaye wenzake wakaleta taa saba.

Jambo jingine nililoliona: darasani, Kiingereza kikiwa ndiyo lugha ya kipindi, binti huyu alikuwa bubu. Karakanani anabishana kwa Kiswahili, akikasirika anaingiza Kisukuma, kisha anaandika ripoti yake kwa Kiingereza kilichonyooka kwa sababu sasa ana la kusema. Mtaala mpya ulioanza 2024 una mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi, na nasikia wazazi wakiuita wa walioshindwa. Waje waone nani anashindwa hapa.

Printa? Haikuachwa. Wavulana walichora kifuniko cha kukinga kiungo na maji, wakakichapa. Umeme ulikatika mara mbili katikati, kila mara kazi ikaanza upya, na cha tatu kikatoka kizuri, chekundu, mpaka nikaona wivu. Plastiki ile, PLA, mara nyingi hutengenezwa kwa wanga wa mahindi, kwa hiyo walikiita “ugali”. Mvuvi alikiacha juani juu ya mtumbwi, mchana kutwa, nacho kikalegea kikapinda: PLA hulainika kwenye nyuzi joto 60 hivi. Akaturudishia mkononi, “Ugali wenu umechacha.” Tumerudi kwenye mpira wa tyubu. Wavulana hawajakata tamaa. Sasa wanachapa kielelezo tu cha kutengenezea kalibu ya udongo, ili wamwagie kitu kingine ndani, bado wanabishana ni kitu gani.

Mwezi unajaa wiki ijayo. Nimenunua risasi roli mbili, na mita ya pili amenunua binti mwenyewe, kwa hela ya dagaa. Haiazimishi.