Leo nimeshuka kituoni kwangu

Nina kigugumizi tangu utotoni, na herufi B ndiyo adui yangu mkubwa. Bahati mbaya nakaa Buguruni. Miaka yote nikipanda daladala nasubiri abiria mwingine aseme "shusha". Asipotokea, napitilizwa, kisha narudi kwa miguu na jua lile la saa nane. Najifanya nilisinzia.

Mwezi uliopita niliamua kuacha kujificha. Kazini nilianza kuwaambia watu mapema, "Nina kigugumizi, nisubiri nimalize." Ajabu, wengi wanasubiri tu. (Mmoja bado ananimalizia sentensi, tena anakosea.)

Leo konda kauliza, "Sheli wapo?" Kimya. Nikasema, "Bu... Bu... Bu..." Kijana wa siti ya nyuma akacheka. Zamani hapo ningemeza neno na kituo kipite. Nikavuta pumzi, nikamwangalia konda usoni: "Bu-Buguruni Sheli, shusha!"

Akagonga bodi mara mbili. Nimeshuka miguu inatetemeka, nikanunua muhogo wa kuchoma wa mia tano, nikaomba pilipili iongezwe. Hiyo nayo nimeisema mwenyewe.