Mafunzo Tarajali ya Uhasibu: Nilivyoipata Nafasi na Nilivyoitumia

Darasani, zoezi la usuluhishi wa hesabu za benki, yaani kulinganisha vitabu vya kampuni na vya benki, huwa fupi. Kuna daftari la fedha, kuna taarifa ya benki, kuna hundi mbili tatu ambazo waliolipwa hawajazipeleka benki, na makato ambayo mhasibu hajayaandika. Ukishavipanga, pande mbili zinakubaliana hadi senti ya mwisho, kwa kuwa mtunga swali alihakikisha zitakubaliana. Kazini hakuna aliyehakikisha. Tofauti ipo, hujui ni kosa moja au ni matano yaliyopandana, na anayesubiri jibu ni mkuu wa fedha anayetaka kujua kama kesho anaweza kuwalipa wanaomuuzia mali. Hapo ndipo uhasibu ulipoanza kuniingia, na nilifika hapo nikiwa bado mwanafunzi, kwenye mafunzo tarajali, yaani kipindi cha kufanya kazi ofisini kama sehemu ya masomo. Wenzangu wengi huyapitia mafunzo haya ilimradi wapate sahihi na muhuri, na inaniuma, maana sijaona kipindi kingine cha masomo kinachotoa mengi kiasi hicho kwa muda mfupi.

Nafasi yenyewe niliitafuta kuanzia muhula wa kabla yake. Waliotutangulia walinieleza kwamba kampuni kubwa za ukaguzi wa hesabu hupokea marundo ya barua, na kwamba hata ukichukuliwa, unaweza kumaliza kipindi chote ukiangalia aina moja tu ya hati. Nikaamua kutafuta kampuni ya wastani, yenye idara ya fedha ya watu wachache, ambako anayeandika ankara amekaa karibu na anayeidhinisha malipo. Mpaka leo naushikilia uamuzi huo. Jina kubwa linapendeza kwenye wasifu, lakini mwanafunzi anayetaka kuona kazi inavyoanza na inavyoishia ataiona vizuri zaidi mahali padogo.

Barua yangu ilikuwa ya ukurasa mmoja. Niliielekeza kwa mkuu wa fedha kwa cheo chake, nikataja tarehe ya kuanza na ya kumaliza, idara niliyoiomba, kazi ninazoziweza tayari (kutumia jedwali la Excel, kuandaa urari, yaani orodha ya salio za akaunti zote, kupanga hati kwa mfuatano), na jambo moja ninalotaka kujifunza: safari ya hati kutoka agizo la ununuzi hadi malipo. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyonifungulia mlango. Barua inayosema tu "naomba nafasi ya kujifunza" humwachia mpokeaji kazi ya kufikiri atakupa nini, naye ana kazi zake. Niliambatanisha barua ya utambulisho ya chuo, nikapeleka mwenyewe, na baada ya wiki nikapiga simu kuuliza kwa adabu. Walionikatalia walikuwa wengi kuliko walionisikiliza, na ndivyo ilivyo. Mkuu wa fedha wa kampuni moja ya vipuri vya pampu za maji aliniita, tukazungumza, akakubali. Nilimwomba jambo moja zaidi: tarehe zangu zifike mwisho wa mwezi zaidi ya mara moja. Katikati ya mwezi idara ya fedha huonekana tulivu. Vitabu vinapofungwa ndipo unapoona nani anamtegemea nani.

Kazi ya kwanza ilikuwa kupanga hati za malipo kwenye mafaili. Karibu kila mwanafunzi huanzia hapo, na wengi hukata tamaa hapo hapo. Mimi nilijiwekea utaratibu wa kutofunga faili bila kulisoma. Kila malipo ya mali yalipaswa kuwa na karatasi tatu zinazosema jambo lile lile: agizo la ununuzi, hati ya kupokelea mali iliyotiwa sahihi ghalani, na ankara ya muuzaji. Idadi ilingane, bei ilingane, tarehe zifuatane. Kitabuni jambo hili lina aya moja. Faili likiwa mkononi, unaanza kuona kwa nini anayeagiza hapaswi kuwa ndiye anayepokea, na kwa nini anayepokea hapaswi kuwa ndiye anayelipa. Mtu mmoja akiwa na nafasi zote tatu, anaweza kulipia mzigo ambao haujawahi kuingia ghalani, na karatasi zote zikawa safi.

Maswali nilikuwa nayo mengi kila siku, nikawa nayaandika kwenye daftari dogo badala ya kumkatiza mtu kila dakika. Jioni, kazi ikipungua, nilimpelekea msimamizi wangu, mhasibu wa miaka mingi ambaye ofisi nzima ilimwita Mama. Yaliyojijibu yenyewe mchana nilikuwa nimeshayafuta. Siku moja nilimwonyesha ankara iliyolipwa ambayo hati yake ya kupokelea mali sikuiona. Akaitazama, akanyanyua simu, akawauliza watu wa ghala. Hati ilikuwa huko, haikuletwa tu. Tatizo halikuwa kubwa, ila kuanzia hapo aliniita kila alipokuwa anafanya jambo ambalo sijaliona.

Ndivyo nilivyokabidhiwa usuluhishi wa benki wa mwezi. Niliweka alama kila muamala uliokubaliana, nikatenga hundi ambazo hazijapelekwa benki, nikaandika makato ya benki na riba. Bado ikabaki tofauti ya 27. Nilikuwa tayari kuanza upya ukurasa kwa ukurasa.

"Mwanangu, igawe kwa tisa kwanza," Mama akasema.

"Kwa nini tisa, Mama?"

"Gawa, kisha utaniambia wewe."

Ishirini na saba inagawanyika kwa tisa bila baki, na hiyo ni dalili kwamba huenda kuna mahali tarakimu mbili zimebadilishana nafasi. Tukatafuta, tukaipata: malipo ya 4,736 yalikuwa yameandikwa 4,763. Jioni ile nilikaa nikaichambua hesabu hiyo. Tarakimu mbili zinazofuatana zikibadilishana, moja inapanda thamani mara kumi na nyingine inashuka mara kumi, kwa hiyo tofauti inayotokea ni lazima igawanyike kwa tisa bila baki, haidhuru ni tarakimu zipi. Hapa sita na tatu zinatofautiana kwa tatu, na tatu mara tisa ni ishirini na saba. Mama akanifundisha na dalili ya pili: tofauti isipogawanyika kwa tisa, igawe kwa mbili, kisha tafuta muamala wenye kiasi hicho. Kama malipo ya 850 yameandikwa upande wa mapato, tofauti itakuwa 1,700, kwa kuwa kiasi kilichopaswa kutolewa kimeongezwa. Hizi ni dalili tu, hazithibitishi kitu, lakini zinakuonyesha pa kuanzia pale ambapo ungepekua kurasa mia.

Huenda mhadhiri wangu angeweza kunieleza hayo yote kwa dakika tano. Lakini nisingeyabeba hivi. Yaliniingia kwa sababu nilikuwa na tofauti halisi mezani na mtu anayesubiri. Wazo la kujifunza hivi si geni: mwaka 1906, Herman Schneider alianzisha katika Chuo Kikuu cha Cincinnati, Marekani, mpango wa wanafunzi wa uhandisi kupokezana darasa na kazi, akianza na wanafunzi 27. Chuo Kikuu cha Waterloo cha Kanada kilichoanza mwaka 1957 kilijengwa juu ya wazo hilo hilo, na mpaka sasa wanafunzi wake wengi hubadilishana muhula wa darasa na muhula wa kazi. Nikikumbuka jioni ile ya tofauti ya 27 naona hekima ya kupokezana: mwanafunzi hufanya kazi akiwa bado ana darasa la kurudi nalo na swali lake. Mafunzo yanayokuja mwisho kabisa, baada ya mtihani wa mwisho, humnyima nafasi hiyo.

Chuo kilitaka niandike daftari la kumbukumbu kila siku. Kuandika "nilisaidia idara ya fedha" kunatosheleza msimamizi asiye na muda, lakini hakumsaidii aliyeandika. Niliandika kazi, hati iliyohusika, na kitu ambacho sikukielewa. Majina ya wafanyakazi, mishahara na bei walizopewa wateja sikuviandika popote, na ripoti yangu niliipeleka kwa Mama aisome kabla ya kuipeleka chuoni. Idara ya fedha inakuonyesha siri za watu, na kuzitunza ni sehemu ya kazi unayojifunza.

Suala la malipo lazima lisemwe. Kampuni ilinipa nauli tu, nami niliweza kwa sababu nilikuwa na pa kulala bila kulipia. Mwanafunzi asiye na bahati hiyo hufungiwa nje, hata awe hodari namna gani, na hilo si haki. Zipo nchi zilizolichukulia kwa uzito: Ufaransa, mwanafunzi anayefanya mafunzo ya zaidi ya miezi miwili ni lazima alipwe posho, na kabla hajaanza, yeye, chuo na mwajiri hutia sahihi makubaliano ya pamoja. Ikulu ya Marekani nayo ilianza kuwalipa wanafunzi wake wa mafunzo mwaka 2022, baada ya miaka mingi ya kutowalipa. Umoja wa Mataifa, kwa upande wa Sekretarieti yake, umeendelea bila malipo, na mimi naona taasisi ya namna hiyo ingepaswa kuwa mfano. Ushauri wangu kwa anayetafuta nafasi ni kuuliza mapema na waziwazi: nauli, saa za kazi, bima, na nani atakuwa msimamizi wako. Mahali wasipoweza kukutajia msimamizi, tafuta pengine. Bila mtu wa kusahihisha kazi yako utakuwa umewapa nguvu kazi ya bure tu.

Niliporudi chuoni, somo la ukaguzi wa hesabu lilikuwa jingine kabisa. Mhadhiri alipozungumzia udhibiti wa ndani, yaani taratibu za kampuni za kuzuia makosa na wizi, niliwaona watu wa ghala na ile hati iliyochelewa. Nilikuwa na mpango wa kwenda kwenye ukaguzi wa nje nikihitimu, sasa navutwa zaidi na kazi ya ndani ya kampuni, upande wa gharama. Rafiki yangu tuliyesoma naye yalimtokea kinyume: alitoka kwenye mafunzo yake akiwa na hakika kwamba hawezi kuishi ndani ya idara ya fedha, akahamia takwimu akiwa bado na muda wa kuhama. Nayo ni faida, tena kubwa.

Kwa sisi wa uhasibu kuna jambo jingine ambalo wanafunzi wengi hawaliangalii mapema. Ili uwe mwanachama wa ACCA, chama cha kimataifa cha wahasibu, mitihani peke yake haitoshi. Unatakiwa uwe na miezi 36 ya uzoefu wa kazi unaohusika, na msimamizi anayestahili athibitishe ulichofanya. Uzoefu huo unaweza kupatikana kabla ya mitihani, wakati wake au baada yake, hivyo kipindi cha mafunzo kilichoandikwa vizuri kinaweza kuhesabiwa. Kwa hiyo kabla sijaondoka niliomba barua inayotaja kazi zenyewe: kulinganisha hati za ununuzi, usuluhishi wa benki, kuandaa urari wa mwezi, pamoja na tarehe zake. Mama aliisoma rasimu niliyomwandalia, akakata mstari mmoja uliokuwa na sifa nyingi, akaongeza mmoja kuhusu tofauti ya 27, akatia sahihi. Kwenye usaili wa kazi niliyonayo sasa, mstari huo ndio walioniuliza, na tuliuzungumza kwa muda mrefu kuliko alama zangu zote.