Siku yangu na kromosomu moja mkaidi

Saa 12:00 asubuhi. Naziwekea seli zinazogawanyika dawa inayozuia ncha mbili za mgawanyiko, zinakovutwa kromosomu, zisiachane. Kromosomu (vifurushi vya DNA, kila kimoja kikiwa na nakala mbili) nyingi zitanaswa vibaya, nakala zote mbili zikivutwa upande mmoja. Naziharibu makusudi, nione zinavyojirekebisha.

Saa 3:00. Naisuuza dawa. Sahani ya kwanza naiacha hivyo. Ya pili naitilia dawa inayozuia protini iitwayo Aurora B. Zote chini ya hadubini, nyuzi 37 za Selsiasi, picha kila dakika mbili.

Saa 4:00. Mwanafunzi wetu ananiuliza, “Dada, sasa kromosomu inajuaje kwamba imeshikwa vibaya?” Haijui. Kinachopimwa ni mvuto. Nikachukua glovu, nikamwambia avute ncha moja, mimi nyingine. Aurora B inakaa katikati, baina ya nakala mbili. Kwenye kinetokori, yaani mahali kromosomu inaposhikwa, protini Ndc80 ndiyo inayoshika mikrotubuli, nyuzi zinazovuta kutoka nchani. Pasipo mvuto, Aurora B inaifikia na kuibandika fosfati, mshiko unalegea, kromosomu inajaribu tena. Nakala zikivutwa pande mbili, kinetokori inasogea mbali na Aurora B na mshiko unadumu. Mwaka 1969 Nicklas na Koch walivuta kromosomu za panzi kwa sindano nyembamba: zile zilizonaswa vibaya ziliendelea kushikwa maadamu zinavutwa. Hakuna jaribio ninalolipenda zaidi ya hilo.

Saa 7:00. Chakula, haraka.

Saa 8:00. Fokasi ya pembe moja imehama. Dakika arobaini za filamu ni ukungu mtupu. Nimenung'unika peke yangu.

Saa 8:30. Pembe nyingine, sahani ya kwanza: kromosomu zote zimejipanga katikati isipokuwa moja, imeng'ang'ania nchani. Seli nzima inaingoja. Kinetokori isiyo na mikrotubuli hukusanya protini ya tahadhari, Mad2, na ishara yake inazuia nakala zisitenganishwe. Dakika ishirini na mbili! Kisha ikateleza hadi katikati, na baada ya muda nakala zote zikaachana.

Saa 10:00. Sahani ya pili ni vurugu. Bila Aurora B makosa hayakufunguliwa, na ile ishara ya kuingojesha seli nayo imedhoofika. Seli zimetoka kwenye mgawanyiko na kromosomu zimegawanyika ovyo.

Saa 11:30. Narudia filamu ya kwanza. Katika seli moja iliyoonekana salama, kromosomu imebaki nyuma katikati wakati wenzake wanaondoka. Nashuku kinetokori moja ilishikwa na nyuzi za ncha zote mbili: mvuto upo, Mad2 haikusanyiki, seli haingoji. Nimeitia alama nyekundu. Kesho naanza nayo.