Maua ya Kamukunji

Majuzi binti wa kaka yangu alikuwa ameegemea meza yangu ya kazi, akipanga hereni kuanzia kubwa hadi ndogo. Akaniuliza, "Shangazi, hizi alama za kwenye hereni huwa unaziota usiku?" Nikamjibu ndiyo, kwa sababu chai ilikuwa inafurika na jibu hilo lilikuwa fupi. Tangu hapo yule fundi wa bati wa Kamukunji, Nairobi, hanitoki akilini.

Ilikuwa Januari, msimu wa masanduku. Mnaijua Kamukunji ya Januari: wazazi wenye orodha za shule mkononi, mikokoteni inayodai njia, na nyundo unazozisikia kifuani kabla hujafika. Sikuwa na mtoto wa kupeleka bweni. Nilifuata brashi ya waya. Udongo wa fedha ninaofinyangia mapambo ukitoka kwenye tanuri huwa mweupe kama chokaa, na kabla hujausugua hakuna atakayeamini kwamba ulicho nacho ni fedha tupu.

Brashi niliipata upesi. Kilichonisimamisha ni karai.

Fundi alikuwa ameketi kwenye kigoda, mbele yake kipande cha reli anachofulia, na juu yake duara la bati lililokatwa kutoka kwenye pipa la mafuta. Anapiga mara mbili, anazungusha, anagonga reli kidogo, anapiga tena. Bati linabonyea taratibu. Kila kibonyeo kilikuwa kimepanda ukingo wa mwenzake, safu ndani ya safu, hadi katikati. Nikachutama. Ndipo nilipoona mahali safu moja ilipoyumba, ikapanda juu kidogo, kisha ikarudi njiani. Sikuelewa hadi mteja alipouliza bei. Fundi aligeuza shingo kumjibu, mkono ukaendelea kupiga, na safu nyingine ikayumba palepale mbele ya macho yangu. Maongezi yake ya asubuhi nzima yalikuwa yameandikwa kwenye lile bati: huyu aliyebembeleza bei, yule aliyesalimia tu akapita.

Mkobani nilikuwa na silikoni, ile ya kukanda pande mbili pamoja, ikigandamizwa juu ya kitu hushika sura yake kwa dakika chache. Nikaomba ruhusa.

"Madam, karai langu linaumwa?" akauliza alipoona nimelibandika plasta. Majirani wakaacha nyundo ili wacheke vizuri.

Mengine ni ya nyumbani, hayana hadithi ndefu. Udongo wangu wakati huo ulikuwa wa ile aina ya kwanza waliyoibuni Wajapani wa Mitsubishi Materials: unga wa fedha, maji, na gundi ya kuushikanisha. Unaukanda, unaugandamiza kwenye silikoni, unaukausha, kisha saa mbili tanurini kwenye nyuzi 900, chini kidogo ya zile 961 ambazo fedha huyeyuka, huku ukiomba stima isipotee. Gundi huungua, chembe za fedha hushikana, na kitu kizima husinyaa kwa zaidi ya robo. Wengi huuchukia usinyaaji huo. Mimi naupenda, maana alama hukaribiana na kukolea.

Nikampelekea fundi kidani. Alikiweka kiganjani, akakipeleka kwenye jua.

"Mbona limekonda hivi? Fedha nyingine umempa nani?"

Nikamweleza kwamba fedha yote imo, kilichotoka ni maji, gundi na nafasi zilizokuwa kati ya chembe. Hakushawishika. Akaendelea kukigeuza, kidole chake cheusi kikapita juu ya vibonyeo kimoja kimoja, kikasimama.

"Hapa nilikosea," akasema. Ilikuwa ile safu iliyoyumba.

Nilitaka kumwambia kwamba ndiyo niliyoifuata. Sijui kilichonizuia, pengine ni ile sura yake, ya mtu aliyepigwa picha shati likiwa limefunguka. Akanirudishia kidani na kuniambia nipite wiki ijayo, atanitengenezea kitu cha maana. Hela ya zile alama alikataa katakata. Tukanywa chai, nikalipa.

Wiki iliyofuata nikakuta karai limenisubiri juu ya gunia. Maua! Maua kuanzia ukingo hadi katikati, kila ua na petali zake sita zilizopigwa kwa ncha ya msumari, zote sawasawa, hakuna hata moja iliyoyumba. Alikuwa amelipiga bila kuongea na mtu. Hilo alinitoza bei kamili, na alikuwa na haki.

Nililichukulia alama pia, ningefanyaje? Siku ya mauzo nikaviweka vidani vya aina zote mbili kwenye kitambaa kimoja. Vya maua viliisha kabla ya saa sita mchana. Vya safu iliyoyumba vilishikwa, vikasifiwa, vikarudishwa. Mama mmoja aliniuliza kwa upole kama hivyo bado sijamaliza kuvitengeneza.

Basi nikarudi Kamukunji kuomba karai lingine, safari hii lenye ndege. Fundi akataka kujua ndege gani. Nikamwambia achague mwenyewe. Akanipigia kuku.