Kandambili, vifuu na nzumari: kuchekesha kwa muziki hapa Lamu

Anayetaka kuchekesha watu kwa muziki lazima kwanza ajue kupiga sawasawa. Kosa la makusudi husikika pale tu ambapo vyote vingine vimekaa mahali pake. Bendi ikiwa ovyo tangu mwanzo, msikilizaji hajui acheke nini. Spike Jones, Mmarekani aliyevuma miaka ya 1940 kwa kuharibu nyimbo tamu kwa bastola na kengele za ng'ombe, alikuwa na wapigaji hodari, na hata zile kengele zilikuwa na sauti zilizopangwa. Mwaka 1956 jijini London, katika tamasha la mchora vibonzo Gerard Hoffnung, mtunzi wa muziki Malcolm Arnold aliwaandikia okestra kamili mashine 3 za kufyonza vumbi, 1 ya kung'arisha sakafu na bunduki 4. Ukumbi ulicheka kwa sababu mashine zile zilipewa zamu zao kwenye muziki kama fidla.

Sisi watu wa pwani tuna mtaji mkubwa hapa. Kutia maneno ya Kiswahili kwenye tuni ya filamu ya Kihindi ni kazi iliyofanywa kwa ustadi wa hali ya juu na waimbaji kama Juma Bhalo. Yeye hakuwa akifanya mzaha, lakini ufundi ni uleule: tuni usiiguse, badilisha maneno. Na hapo wengi huhesabu mizani wakadhani wamemaliza. Chukua mstari wa mapenzi kama huu: "Moyo wangu walalama, kwa huzuni na mahaba." Nane kwa nane. Sasa uugeuze uwe wa punda aliyekwama kwenye kichochoro: "Punda wangu kasimama, njia yote ameziba." Vina vimebaki, mkazo umebaki, na neno "wangu" limekaa palepale. Mtu mwingine angeandika "Punda kasimama pale", nayo ni mizani minane. Lakini kama tuni inavuta sauti kwenye silabi ya tatu, mwimbaji wa kwanza atavuta "waaa" ya "wangu", na huyu wa pili atavuta "kaaa", kipande cha mwanzo cha kitenzi ambacho hakuna anayekivuta akizungumza. Msikilizaji hatasema kosa liko wapi, ila hatacheka. Kwa hiyo andika maneno ya asili, pigia mstari silabi zinazobeba mkazo, kisha mpya ziangukie hapohapo.

Ala sasa. Ya bei nafuu na yenye kicheko kingi ni paipu za plastiki za upana wa inchi 2, zinazopigwa kwenye mdomo wa paipu kwa kandambili. Paipu mbili za mita 6 zinatosha kutoa sauti nane. Kwa joto la nyuzi 30, sauti husafiri kiasi cha mita 349 kwa sekunde. Gawanya 349 hiyo kwa mara mbili ya masafa unayotaka, yaani idadi ya mitikisiko ya sauti kwa sekunde, kisha toa sentimita 3 kwa sababu hewa hutikisika kidogo hata nje ya midomo ya paipu. Ukianzia do ya masafa 130.8, urefu unatoka hivi: do 130, re 116, mi 103, fa 97, so 86, la 76, ti 68, na do ya juu 64, zote kwa sentimita. Tano za kwanza zinatoka kwenye paipu moja, tatu kwenye nyingine. Kata kila moja ikiwa ndefu kwa sentimita 2, piga, pima kwa programu ya simu, halafu punguza kidogo kidogo kwa tupa na msasa. Ukishakata fupi hakuna dawa. Mdomo uliokatwa upande hauzibwi vizuri na kandambili, na badala ya "bumm" unapata "paf". Zile ndefu unaweza kuzipinda kwa kiungo cha kona ili mpigaji azifikie, mradi upime urefu katikati ya njia ya hewa, na usitie gundi mpaka sauti ikubali.

Kandambili ipige ubapa na iondoke mara moja. Ukiigandisha mdomoni, paipu inakuwa imezibwa upande mmoja na sauti inashuka oktava nzima, nzito na butu. Hiyo ndiyo silaha yenyewe: wimbo unakwenda vizuri, na kwenye neno la mwisho la ubeti mpigaji anagandisha. Mara moja kwa wimbo, basi. Jambo jingine, usiziache juani kabla ya onyesho. Hewa ndani ikipanda nyuzi 7, sauti hupanda kama humusi ya nusu toni, na kinanda cha umeme hakitazifuata.

Kwa filamu za kuchekesha za hapa Lamu, sauti ya kwanza kuitengeneza ni kwato za punda. Tumia nazi iliyokauka, ikatwe kwa msumeno maana panga hupasua, kisha kwangua makumbi yote hadi kifuu kiwe laini. Punda akitembea hutoa mapigo manne yanayofuatana kwa nafasi sawa. Akikimbia polepole miguu hutua miwilimiwili. Wengi hupiga mwendo wa mbio huku punda kwenye picha anajikokota. Kwenye sinia tia mchanga mkavu wa unene wa sentimita 3 kwa njia ya ufukweni. Kwa vichochoro piga juu ya kipande cha jiwe.

Unapounganisha sauti na picha, kwenye video ya picha 25 kwa sekunde kila picha ni milisekunde 40. Ukikosa, heri sauti ichelewe kidogo kuliko itangulie, kwani tumezoea kuona kitu kwanza ndipo tukisikie.

Nzumari ni kali na ina kejeli yake ya kuzaliwa, inafaa kabisa kwa mhusika mwenye majivuno. Lowesha ulimi wake dakika chache kabla ya kupuliza, la sivyo italia kama mlango na kunyamaza. Taishokoto, ala ya nyuzi ambayo Wajapani waliibuni mwaka 1912, ina vitufe vinavyobofya, na mbofyo huo ukirekodiwa kwa karibu unachekesha wenyewe. Adui yake ni chumvi ya bahari: futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza. Pembe za vugo, ngoma ya harusi ya wanawake, zina mdundo safi, na wanaojua kuzipiga ni akina mama, waombeni wafundishe. Siwa, ile pembe kubwa ya sherehe, na kasida za dini mimi naziweka nje ya mzaha. Ni heshima ya mji, na kicheko cha kuumiza watu wa nyumbani hakinipendezi.

Rekodi ndani, kwa sababu upepo wa kusi huingia kwenye maikrofoni na haufutiki. Lakini kuta za nyumba za mawe zilizopakwa chokaa hurudisha mwangwi, kwa hiyo tandika mikeka na utundike leso nzito nyuma ya mwimbaji. Panga kazi baina ya adhana na adhana, na jirani akiwa na punda, mngojee alishwe kwanza.