Nukta moja imenikesheza

Jamani, ndio kwanza natoka ofisini Tudor. Alfajiri ishaadhiniwa.

Tulikuwa tunahamishia programu zetu Kafka 4.0, mtambo wa kupitisha jumbe kati ya programu. ZooKeeper, msimamizi wake wa zamani, tuliiaga tukiwa bado toleo la 3.9, maana kwenye 4.0 haimo tena. Programu saba zikapita kama maji.

Ya nane, ya risiti, kimya.

Kumbe maktaba yake, yaani msimbo wa kuongea na Kafka, ni toleo la 2.0, na seva mpya haiongei na chochote chini ya 2.1. Nukta moja! Na aliyeiandika programu hiyo? Mie mwenyewe, 2018.

Hesabu ya jumbe zilizokwama inapanda, kahawa tungu inapoa mkononi. Nikabadilisha mstari mmoja, ule wa toleo la maktaba...

ikaanza kushuka. Nikacheka peke yangu kama mwehu, mlinzi akaja kuchungulia.

Nanyi, programu gani ya zamani iliwahi kuwaumbua? Semeni, mie nafuata mahamri.